Mapitio: Intaneti Ipi Inafaa Kuitwa Haki?

Kwa hesabu ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, mtu anakuwa "mtumiaji wa intaneti" akiwa ameitumia walau mara moja katika miezi mitatu iliyopita, popote pale na kwa kifaa chochote. Kwa kipimo hicho, mwaka 2024 watumiaji walikuwa bilioni 5.5, yaani asilimia 68 ya watu duniani, na waliobaki nje walikuwa bilioni 2.6. Mwenye faiba ukutani na aliyeazima simu mara moja ili asome matokeo ya mtihani wametiwa kapu moja. Ndiyo maana mabishano ya kama intaneti ni haki ya msingi ya binadamu hayatui: kila mmoja anabishania bidhaa iliyo kichwani mwake.

Hapa tunaichukua intaneti kama huduma nyingine yoyote inayouzwa. Maneno ya sheria na maazimio ni lebo. Kinachofika nyumbani au kwenye simu ya mtu ndiyo mali yenyewe. Tunachotaka kujua ni kama mali iliyomo inalingana na kilichoandikwa juu ya sanduku.

Lebo inasemaje

Lebo mama ni ibara ya 19 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Haitaji intaneti, na isingeweza kuitaja. Inataja vitenzi vitatu: kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo, kwa njia yoyote, bila kujali mipaka. Kitenzi cha tatu kishike vizuri, maana ndicho kinachopunjwa na karibu kila kifurushi tutakachokigusa.

Mwaka 2012 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubali kwamba haki alizonazo mtu nje ya mtandao zilindwe vilevile ndani ya mtandao. Tarehe 1 Julai 2016 likaja azimio namba 32/13, lililolaani hatua za makusudi za kuzuia au kuvuruga upatikanaji wa habari mtandaoni. Wengi hulitaja azimio hili kama siku ambayo intaneti ilifanywa haki. Hawakulisoma. Haliwabani serikali kisheria, na halimwahidi mtu waya, mnara wala megabiti moja. Linakemea kumkata mtu. Kuhusu kumuunganisha yule ambaye hajawahi kuunganishwa, halina dawa.

Ahadi ya kuunganisha imo katika sheria za nchi moja moja. Ufini ndiyo hutajwa zaidi: kuanzia tarehe 1 Julai 2010 kila mkazi alipata haki ya kisheria ya kuunganishwa kwa kasi isiyopungua megabiti 1 kwa sekunde. Mwaka huohuo mahakama ya katiba ya Costa Rica iliutambua ufikiaji wa teknolojia hizi kuwa haki ya msingi. Ufaransa ilikwenda kwa njia nyingine: mwaka 2009 Baraza la Katiba lilikataa chombo cha kiutawala kipewe mamlaka ya kumkatia mtu intaneti kwa kosa la hakimiliki, likisema uhuru wa kujieleza unahusu pia kufika mtandaoni, kwa hiyo adhabu kama hiyo haiwezi kutolewa bila hakimu.

Kwa uandishi wa lebo, Uingereza inaongoza, hata kama haitumii neno "haki ya binadamu". Wajibu wake wa huduma kwa wote, ulioanza kutumika Machi 2020, unataja kasi ya kupakua ya megabiti 10 kwa sekunde, kasi ya kupakia ya megabiti 1, data isiyopungua GB 100 kwa mwezi, ucheleweshaji mdogo wa kutosha kupiga simu ya sauti, na uwiano wa kugawana usiozidi 50 kwa 1. Hivyo ndivyo ahadi inavyoandikwa: fundi anaweza kuja na kompyuta yake akasema imetimizwa au haikutimizwa. Pia ina kikomo. Gharama ya kumfikia mteja mmoja ikizidi paundi 3,400, yeye ndiye anaombwa alipe kinachozidi. Haki yenye dari ya bei haipendezi masikioni, lakini angalau dari imeandikwa mahali mtu anaweza kuisoma.

Uwiano wa 50 kwa 1 unastahili sentensi mbili za ziada. Maana yake ni kwamba uwezo uliotengwa kwa nyumba moja unaruhusiwa kugawanywa kwa nyumba 50, kwa dhana kwamba hazitautumia kwa wakati mmoja. Zikiutumia zote pamoja, megabiti 10 zinakuwa kilobiti 200 kwa kila nyumba, na hapo ndipo saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, inapogeuka kuwa saa ya kweli ya kupima huduma.

Kiasi gani kinatosha

Simu ya sauti kupitia intaneti hula takribani kilobiti 100 kwa sekunde kila upande kwa mifumo ya zamani, na chini ya nusu ya hapo kwa ya kisasa. Kinachoiua si kasi ndogo. Ni ucheleweshaji na upotevu. Ushauri wa ITU ni kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi 400, wazungumzaji wanaanza kukatizana. Pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazopotea zikipita asilimia 1 au 2, maneno yanamegeka.

Simu ya video ya watu wawili inahitaji takribani megabiti 1 kila upande ili uso usigande. Rudi sasa kwenye ahadi ya megabiti 10 za kupakua na 1 ya kupakia. Mwanafunzi mmoja akiwa darasani kwa video ameimaliza ile megabiti ya kupakia. Wa pili katika nyumba hiyohiyo hana nafasi, ingawa upande wa kupakua umebaki na megabiti 9 zisizo na kazi. Hapa ndipo kitenzi cha "kutoa" kinapopunjwa. Vifurushi vingi vimeundwa kwa ajili ya mtazamaji, na anayetaka kutuma ushahidi wa video, kazi ya chuo au nyaraka za maombi anakuta mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko wa kuingilia.

Tatizo hilo huonekana kama kitu kingine kabisa, na watu huilaumu kasi bure. Fungua pingi (ping, kipimo cha muda ambao ujumbe mfupi unachukua kwenda na kurudi) kuelekea anwani isiyobadilika, mfano 1.1.1.1, uiache ikihesabu. Tuseme inaonyesha milisekunde 30. Anza kupakia faili kubwa. Namba ikipanda hadi 500 au zaidi, foleni imejaa ndani ya ruta: pakiti za simu yako zimepangwa nyuma ya faili. Kununua kasi zaidi ya kupakua hakutasaidia. Dawa ni kuingia kwenye ruta, kutafuta sehemu ya kupanga foleni ikiwa ipo, na kuweka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima. Unapoteza kasi kidogo, na simu zinarudi kusikika. Ruta nyingi za bei nafuu zinazogawiwa na watoa huduma hazina sehemu hiyo, na hakuna sheria tunayoijua inayodai iwepo.

Faiba: pekee inayofaulu hata siku mbaya

Katika mfumo wa kawaida wa faiba ya majumbani, uzi mmoja hubeba takribani gigabiti 2.5 kwenda kwa wateja na 1.25 kurudi, kisha kigawanyio kisichotumia umeme huugawa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Chukua 32, na ufikirie kila nyumba inavuta kwa nguvu zote kwa sekunde ileile: kila moja inabaki na takribani megabiti 77 za kupakua na 38 za kupakia. Siku mbaya kabisa ya faiba inazidi mara saba ahadi ya Uingereza kwa kupakua, na karibu mara arobaini kwa kupakia. Hakuna teknolojia nyingine tunayoipitia hapa inayoweza kujisifu hivyo, mradi mtoa huduma asibane njia iliyoko nyuma ya kigawanyio.

Hitilafu zake ni chache na zinajulikana. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku cha faiba maana yake mwanga haufiki: uzi umekatika, umechomoka, au umekunjwa kwa kona kali. Uzi wa kawaida usikunjwe kwa nusu kipenyo cha chini ya sentimita 3. Ile aina ya ndani ya nyumba inavumilia kona kali zaidi, ila si ya kubanwa na mlango. Kama kisanduku kina ukurasa wa kuonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa, namba kati ya dBm −8 na −25 ni salama (dBm ni kipimo cha nguvu; namba ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa zaidi). Ikifika −27 huduma itakuwa inakuja na kuondoka, hasa baada ya mvua, na fundi atakayekuambia "zima uwashe" hajafanya kazi yake.

Kosa jingine la kipuuzi: kichwa cha kijani cha waya kuchomekwa kwenye tundu la bluu. Vinaingia, kwa hiyo mtu anadhani viko sawa. Cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8 na cha bluu hakina mshazari huo, kwa hiyo ncha hazikutani sawasawa na mwanga mwingi unapotea pale pale. Na usiguse ncha kwa kidole; mafuta ya ngozi yanatosha kuiharibu namba yote tuliyoitaja hapo juu.

Udhaifu mkubwa wa faiba ni kwamba haifiki. Kuchimba mtaro au kusimika nguzo kunagharimu karibu sawa iwe unapitisha waya mbele ya nyumba mia au nyumba moja, na nyumba ya mwisho milimani hailipi gharama yake hata kwa miaka mingi. Haki inayotegemea faiba peke yake ni haki ya wanaokaa karibu na wenzao.

Simu: ndiyo intaneti ya walio wengi

Ramani za mitandao ya simu zina rangi nzuri. Zinaonyesha mahali ambapo mawimbi yanatarajiwa kufika, na watu wengi zaidi wasiotumia intaneti wanaishi ndani ya rangi hiyo kuliko nje yake. Kwa hiyo serikali inayosema "tumefikisha mtandao kwa asilimia 95 ya wananchi" inasema ukweli na inakwepa swali.

Pima mwenyewe. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya laini, utafute nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwa 4G, −85 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri ni nzuri. −105 ni dhaifu. −115 kwenda mbele simu inang'ang'ania, inakula chaji, na simu ya video ni ndoto. Sogea dirishani, pima tena. Tofauti ya 15 kati ya sebuleni na dirishani si ajabu kwenye nyumba ya zege.

Vijiti vikijaa na mtandao ukawa mzito, tatizo liko kwingine. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi, havipimi idadi ya watu mnaogawana. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye masafa ya megahezi 20 unaweza kufikia kilele cha megabiti 150 kwa sekunde kwenye mazingira safi, lakini uwandani hutoa sehemu tu ya hapo. Ukitoa megabiti 40 na watu 80 wanapakua kwa pamoja, kila mmoja ana nusu megabiti. Hakuna simu ya bei ghali itakayobadilisha hesabu hiyo. Pima mara tatu: alfajiri, mchana, na saa mbili usiku. Namba ya usiku ikiwa chini ya robo ya namba ya alfajiri, mnara umeelemewa, na malalamiko yako yaandikwe hivyo badala ya "mtandao mbovu".

Halafu kuna bando, na hapa tunatoa alama mbaya kuliko zote. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018: huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi ifikapo 2025. Lengo zuri, lenye shimo katikati. Wastani ni wastani. Anayepata nusu yake analipa asilimia 4 kwa kifurushi kilekile, na anayepata robo analipa 8. Na kifurushi chenyewe? Tuseme ni GB 2 kwa mwezi: kwa video ya ubora wa kawaida inayokula takribani GB 0.7 kwa saa, ni chini ya saa tatu. Kozi moja ya mtandaoni inaimaliza wiki ya kwanza. Ongeza sasisho za programu zinazojipakua zenyewe usiku; zizime kwenye duka la programu, weka zifanyike kwa Wi-Fi pekee, na uwashe kiokoa data. Bando la saa 24 lina ukatili wake wa pekee: kinachobaki kinafutwa hata kama ulikilipia.

Data ikiisha, vifurushi vinavyoitwa "bila kikomo" mara nyingi hushushwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde. Mtangazaji anasema bado umeunganishwa. Fanya hesabu, ukikumbuka kwamba MB moja ni megabiti 8: ukurasa wa MB 2 unachukua sekunde 125, zaidi ya dakika mbili, na kurasa nyingi za serikali na benki hukata muunganisho kabla haujakamilika. Kupakia picha ya kitambulisho ya MB 5 ni zaidi ya dakika tano, na fomu ikikwama unaanza upya. Kwa macho ya takwimu, mtu huyu yuko mtandaoni.

Njia ya mkato inayopendwa na kampuni ni kutoa tovuti chache bure na kulipisha zilizobaki. India ilikataa: Februari 2016 msimamizi wa mawasiliano, TRAI, alipiga marufuku kutoza bei tofauti kwa data kulingana na maudhui. Tunakubaliana na uamuzi huo. Aliyepewa vyumba vitatu ndani ya jumba na kuambiwa huo ndio mji, hajapewa "njia yoyote, bila kujali mipaka".

Setilaiti, mtandao wa jamii na Wi-Fi ya umma

Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mwanga wenyewe unatumia karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka, kwa hiyo swali na jibu lake ni karibu nusu sekunde kabla ya kifaa chochote kuongeza ucheleweshaji wake. Barua pepe zinapita, mazungumzo yanachosha. Setilaiti za chini, kama za Starlink zilizoko kilomita mia chache tu juu, zimelimaliza tatizo hilo: ucheleweshaji ni makumi ya milisekunde, na simu ya video inafanya kazi katikati ya jangwa. Kwa nyumba ya mwisho milimani ndiyo jibu bora lililopo leo.

Ila angalia mambo matatu. Sahani inataka anga wazi. Tawi moja likiingia kwenye mwonekano wake unapata ukatikaji wa sekunde kadhaa unaojirudia, unaoua simu ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri. Umeme nao: betri ya volti 12 yenye Ah 100, ikitumika nusu yake ili isife mapema, ina wati-saa (Wh) 600. Kisanduku cha faiba na ruta vinavyokula wati 15 vitakaa saa 40 juu yake; sahani ya wati 75 itakaa saa 8. Na la tatu ni swichi. Kampuni moja ikiwa ndiyo njia yako pekee, haki yako imo ndani ya masharti yake ya matumizi, na masharti hayo hubadilishwa kwa barua pepe.

Mitandao ya jamii, ambako watu hujisimikia minara na antena zao, ina mfano mkubwa katika guifi.net ya Catalonia, Hispania, iliyoanza 2004. Kiufundi si uchawi. Kiungo cha kilomita 5 kwenye masafa ya gigahezi 5.8 kinahitaji uwazi wa takribani mita 5 kuzunguka mstari wa kuonana, pale katikati ya njia. Kuona antena ya ng'ambo kwa macho hakutoshi. Ndiyo sababu kiungo kilichofanya kazi vizuri hufa polepole kadiri mti unavyokua, na watu hubadilisha vifaa bure. Kinachoiangusha mitandao hii mara nyingi zaidi ni maswali ya kibinadamu: nani anapanda mlingoti baada ya radi, nani anakusanya michango, nani anamkatia jirani asiyelipa.

Wi-Fi ya umma tunaipitia haraka kwa sababu haistahili zaidi. Ukurasa wa kuingilia unaotaka msimbo kwa SMS unamfungia nje asiye na laini, ambaye ndiye aliyeihitaji. Maktaba hufungwa jioni. Na hakuna anayepaswa kumweleza daktari dalili zake mbele ya foleni. Ni akiba nzuri. Sheria ikiihesabu kama ufikishaji wa huduma, imejidanganya.

Swichi

Hapo juu tuliikosoa kasi na bei. Kuna kasoro inayofuta vyote: kuzima kwa makusudi. Mwishoni mwa Januari 2011 mitandao ya Misri iliondoa njia zake kwenye ramani ya intaneti ya dunia, na karibu nchi nzima ikatoweka kwa takribani siku tano. Siku hizi uzimaji huwa wa hila zaidi, na mwathirika hujiuliza kama ni bando lake.

Utaratibu wa kutofautisha ni mfupi. Pigia pingi ruta yako kwanza, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, isipojibu, tatizo ni lako. Kisha 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Zikijibu huku tovuti hazifunguki kwa majina, anayedanganya ni mtafsiri wa majina, DNS; badilisha anwani yake kwenye mipangilio na ujaribu tena. Tovuti moja ikikataa baada ya hapo kwa mtoa huduma huyu na ikafunguka kwa mwingine, imezibwa kwa anwani au kwa jina linaloonekana wakati muunganisho wa siri unaanza. Programu za kutuma picha na video zikiwa nzito huku mambo mengine yanakimbia, kuna mkono unaobana kasi, na huu ndio uzimaji mgumu kuuthibitisha kwa sababu kila kitu "kinafanya kazi". Programu ya OONI Probe hufanya vipimo hivi na kuyachapisha matokeo hadharani. Wenyewe wanaonya kwamba mahali pengine kuitumia kunaweza kumletea mtu matatizo. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito.

Mahakama zimeanza kuweka alama. Tarehe 10 Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri lililohusu eneo la Jammu na Kashmir, ilisema amri za kusimamisha intaneti lazima zichapishwe na haziwezi kuwa za muda usiojulikana. Juni mwaka huo Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, iliamua kwamba uzimaji uliofanywa Togo mwaka 2017 ulikiuka uhuru wa kujieleza. Ni maamuzi mazuri yaliyokuja miezi au miaka baada ya mtandao kuzimwa. Hakuna lililowasha simu ya mtu usiku ule.

Na swichi si lazima iwe ya serikali. Volkano ilipolipuka Tonga tarehe 15 Januari 2022 ilikata mkongo wa baharini uliokuwa njia yake kuu ya kutokea, na ukarabati ulichukua takribani wiki tano. Njia ya pili inaonekana ghali mpaka siku ya kwanza usipokuwa nayo.

Kwa hiyo, ni haki?

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mmoja wa waliobuni intaneti yenyewe. Vint Cerf aliandika Januari 2012 kwamba ufikiaji wa intaneti si haki ya binadamu: teknolojia ni chombo cha kuzifikia haki, na tukiipandisha cheo tutakuwa tunathamini kitu kisicho sahihi. Mfano wake ulikuwa farasi. Zamani bila farasi ilikuwa vigumu kupata riziki, lakini haki ilikuwa ya kutafuta riziki, si ya kuwa na farasi.

Kwa mfano wa farasi tunampa alama nzuri, na tunaona unakatika sehemu moja. Farasi hakuwahi kuwa mlango pekee wa ofisi. Leo taasisi zinahamisha usajili, kodi, matokeo, maombi ya msaada na miadi ya hospitali kwenye tovuti, kisha zinafunga dirisha la karatasi. Anayefunga dirisha hilo ndiye anayekigeuza chombo kuwa mlango, na deni la kumfikisha mtu mlangoni ni lake. Hatuhitaji kukubaliana juu ya falsafa ya karne ijayo ili kuliona deni hilo.

Kuhusu kutozimiwa, jibu letu ni ndiyo bila masharti, na aliyetaka kuzima aende kwanza kwa hakimu. Kuhusu kuunganishwa ni ndiyo pia, ikiwa lebo itaandikwa kwa fundi. Isitaje faiba wala setilaiti, ili isizeeke kama megabiti 1 ya Ufini, ambayo imelazimika kupandishwa tangu hapo. Itaje kasi ya kupakia isiyopungua megabiti 3 kwa nyumba, kwa makadirio yetu ya watu wawili kwenye video na mmoja anayetuma faili. Itaje kasi ya chini baada ya data kuisha, tuseme megabiti 1, iliyo mara nane ya ile 128. Itaje ucheleweshaji ukiwa na mzigo, siku za ukarabati, na bei kwa kipato cha walio chini badala ya wastani. Na ipimwe saa mbili usiku, mahali anapoishi mteja, kwa kifaa ambacho mtoa huduma hakuleta yeye.

Mpaka lebo ya aina hiyo iandikwe, dirisha la karatasi libaki wazi, likiwa na mtu nyuma yake.